Pasi ya Milima Midogo: Hesabu Inaanzia Kwenye Gari

Pasi moja, milima zaidi ya 200, siku mbili katika kila mlima. Ukizidisha unapata siku 400 za kuteleza kwenye theluji. Sasa weka kalenda mezani. Katika majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, msimu wa skii unaotegemeka huanza katikati ya Desemba na kumalizika mwishoni mwa Machi. Hizo ni wikendi 15 hivi, yaani Jumamosi na Jumapili 30. Toa wiki ya Krismasi na wikendi ya Siku ya Marais mwezi Februari, siku ambazo pasi za bei nafuu mara nyingi hazikubaliki. Toa wikendi za mvua, za homa ya mtoto, za zamu kazini, za harusi na misiba. Kwa familia nyingi zinazofanya kazi hubaki siku sita, labda nane. Unauziwa siku 400 na utatumia sita, kwa hiyo hizo sita ndizo za kupigia hesabu.

Jambo hili linawahusu wasomaji wa Kiswahili kuliko wengi wanavyodhani. Burlington katika Vermont, Portland na Lewiston katika Maine, Manchester na Concord katika New Hampshire ni miji ambayo familia nyingi kutoka Kongo na nchi jirani zimepewa makazi. Watoto wao wanasoma na wenzao wanaoteleza kila wikendi, na mapema au baadaye huja na swali: baba, mama, na sisi lini? Mzazi anayetafuta jibu hukutana na bei za kukatisha tamaa, kisha na pasi inayoonekana kuwa suluhisho. Huenda ni suluhisho kweli. Inategemea mambo mawili ambayo hayaandikwi kwenye tangazo: umbali wa milima hiyo kutoka mlangoni kwako, na idadi ya watu watakaokaa kwenye gari lako.

Pasi hizi zilitoka wapi

Mwaka 2008 kampuni ya Vail Resorts ilitoa Epic Pass kwa dola 579. Ilimpa mteja msimu mzima katika milima yote ya kampuni hiyo, kwa masharti kwamba alipe kabla ya theluji kuanguka. Kampuni ilipata pesa mapema na haikulazimika tena kuomba dua kwamba Januari iwe ya baridi. Msimu wa 2018/19 mshindani wake, Alterra, alileta Ikon Pass kwa dola 899. Bei zimepanda tangu hapo: kwa msimu wa 2025/26, Epic ilianza kuuzwa kwa dola 1,051 na Ikon kwa dola 1,329. Wakati huohuo tiketi ya siku moja katika milima mikubwa ya Vail imevuka dola 300 katika siku za kilele. Si bahati mbaya. Tiketi ya siku inapokuwa ghali, pasi huonekana rahisi.

Katika mashindano hayo, milima isiyo ya kampuni kubwa ilibaki pembeni. Marekani ilikuwa na vituo vya skii 735 mwaka 1983, na leo vipo chini ya 500 tu. Vingi vilivyofungwa vilikuwa vidogo, vyenye lifti moja au mbili, karibu na mji ambao watoto wake walijifunza hapo baada ya masomo. Mchezo wenyewe haukufa. Msimu wa 2022/23 vituo vya nchi hiyo vilihesabu ziara milioni 65.4, rekodi ya wakati wote. Watu waliongezeka huku milima ikipungua, na umati mkubwa ukaelekea kwenye majina makubwa.

Mwaka 2019 Doug Fish, mtu wa masoko kutoka Oregon, alianzisha Indy Pass kwa ajili ya vituo hivyo vidogo. Bei ya kwanza ilikuwa dola 199 kwa siku mbili katika kila kituo mwanachama. Mwaka 2023 ilinunuliwa na Entabeni Systems, kampuni ya Erik Mogensen inayotengeneza mifumo ya tiketi za vituo vya skii. Bei imepanda msimu hadi msimu na idadi ya vituo imevuka 200. Katika hesabu zinazofuata nitatumia dola 360 kwa mtu mzima, kiasi kinachokaribiana na bei za misimu ya karibuni. Wewe weka bei utakayoikuta siku ya kununua.

Kwa nini siku mbili tu

Wengi huona kikomo cha siku mbili kama ubahili. Kwa kweli ndicho kinachouweka mpango mzima hai. Fikiria mlima mdogo unaouza pasi yake ya msimu kwa dola 500. Kama pasi ya dola 360 ingemruhusu mtu aje kila siku, jirani wa mlima huo angeacha ya dola 500 na kununua ya dola 360. Mlima ungempoteza mteja wake wa kudumu na kuambulia mgawo mdogo kutoka mfuko wa pamoja. Kikomo cha siku mbili humwacha jirani na pasi ya nyumbani, na kumleta mgeni ambaye vinginevyo asingefika.

Kwa hiyo pasi ya vituo vingi imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayesafiri, na gharama za kusafiri zinamsubiri mnunuzi hata kabla hajafika kwenye dirisha la tiketi.

Hesabu ya kwanza: siku ya kurudisha pesa

Gawanya bei ya pasi kwa bei ya tiketi ya siku. Tuseme tiketi ya wikendi katika mlima mdogo ni dola 80. Dola 360 gawanya kwa 80 ni 4.5, yaani pesa yako inarudi siku ya tano. Lakini kila mlima unakupa siku mbili tu, hivyo siku tano zinahitaji milima mitatu. Tiketi ikiwa dola 60, bei ya kawaida zaidi siku za katikati ya wiki, unahitaji siku sita katika milima mitatu. Tiketi ikiwa dola 100, siku nne katika milima miwili zinatosha.

Kanuni ni fupi: tafuta siku za kurudisha pesa, gawanya kwa mbili, kisha panda juu hadi namba kamili. Hiyo ndiyo idadi ya chini ya milima unayopaswa kuwa nayo ndani ya umbali wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kama milima hiyo haipo, unaweza kuishia hapo bila kwenda kwenye hesabu ya pili.

Hesabu ya pili: gari

Chukua mkazi wa Burlington. Bolton Valley iko umbali wa kilomita 30 hivi. Jay Peak, karibu na mpaka wa Kanada, ni kama kilomita 100. Cannon, mlima wa serikali ya jimbo la New Hampshire, ni kama kilomita 160. Yote mitatu imekuwa ndani ya Indy Pass katika misimu ya karibuni, ingawa orodha hubadilika na lazima ihakikishwe kila mwaka.

Tuseme anakwenda siku mbili kila mlima, kila siku safari yake. Bolton ni kilomita 120 kwa jumla, Jay Peak 400, Cannon 640. Jumla ni kilomita 1,160, sawa na maili 720. Mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa mwaka 2025, ilikadiria gharama ya kuendesha gari kwa shughuli za kazi kuwa senti 70 kwa maili, ikijumuisha mafuta, matairi, matengenezo, bima na gari kuchakaa. Kwa kipimo hicho, maili 720 ni dola 504. Gari limekula zaidi ya pasi.

Akiwa peke yake, analipa dola 360 za pasi na 504 za gari, jumla 864. Gawanya kwa siku sita: dola 144 kwa siku.

Sasa tuseme hanunui pasi kabisa. Anakwenda Bolton Valley mara sita na kulipa tiketi ya dola 80 kila mara. Tiketi ni dola 480. Barabara ni kilomita 360, maili 224, dola 157. Jumla ni dola 637, au dola 106 kwa siku. Pasi ilimwokolea dola 120 kwenye tiketi na kumtoza dola 347 za ziada barabarani. Amepata hasara ya dola 227 kwa kufuata bei nafuu.

Rudia hesabu hiyohiyo kwa watu wazima wanne ndani ya gari moja. Gharama ya barabara ya milima mitatu ni ileile, dola 504, lakini kila mmoja anabeba 126. Ongeza pasi ya dola 360, kila mtu anatoa 486, yaani dola 81 kwa siku. Wakienda Bolton tu kwa tiketi, kila mmoja angetoa dola 480 na mchango wa barabara wa dola 39, jumla 519, au dola 86.50 kwa siku. Safari hii pasi imeshinda. Ushindi ni mdogo, dola 33 kwa mtu kwa msimu mzima, lakini wamepata milima mitatu tofauti badala ya mmoja.

Tazama ukubwa wa namba hizi. Pasi dhidi ya tiketi ni tofauti ya dola 120. Gari lililojaa dhidi ya gari la mtu mmoja ni tofauti ya dola 378 kwa kila aliyemo. Watu hutumia jioni nzima kulinganisha pasi na dakika tatu kutafuta wenzao wa safari. Viti vitatu vitupu kwenye gari lako vinakugharimu mara tatu ya kile ambacho pasi inakuokolea.

Msomaji atasema gari analo tayari na bima ameshalipa, kwa hiyo ahesabu mafuta tu. Sawa. Kwa gari linalokwenda maili 25 kwa galoni, na galoni ikiwa dola 3.20, maili 720 ni dola 92, na zile maili 224 za Bolton ni dola 29. Tofauti ya barabara inashuka hadi dola 63, na pasi inashinda kwa dola 57 hata kwa mtu mmoja. Ni halali kuhesabu hivyo, mradi ukumbuke kwamba barabara za Januari zina chumvi inayokula chuma, na matairi ya theluji hayanunuliwi kwa ahadi.

Hesabu ya tatu: vitu ambavyo pasi haivigusi

Pasi inakuruhusu kupanda lifti, basi. Viatu, mbao za skii, kofia ngumu, miwani, glovu na nguo zisizopitisha maji ni juu yako. Ukikodi kila siku kwa, tuseme, dola 45, siku sita ni dola 270 kwa mtu. Maduka mengi ya miji ya skii hukodisha vifaa vya watoto kwa msimu mzima: unachukua Oktoba au Novemba, unarudisha majira ya kuchipua. Mara nyingi bei yake haifiki hata ile ya kukodi siku sita, na mtoto havai viatu vilivyozoea miguu ya mwingine kila wikendi.

Anayeanza kabisa hahitaji pasi ya milima 200. Siku zake tatu za kwanza ataziishia kwenye mteremko wa wanaojifunza, ambao vituo vingi huuza kwa bei ya chini au kwa kifurushi cha somo, vifaa na lifti. Kwa watoto kuna mlango mwingine ambao wazazi wengi wageni hawaujui. Vermont na New Hampshire zina pasipoti za skii kwa wanafunzi wa darasa la tano au la nne na la tano, na Maine ina mpango wa aina hiyo kwa madarasa ya juu kidogo. Kwa ada ndogo mtoto hupata siku za lifti katika milima mingi ya jimbo. Mwenye mtoto wa umri huo aulize shuleni mwezi Septemba, kabla ya kutoa dola yoyote kwa pasi nyingine.

Pesa yako inakwenda wapi

Bei mbili zinazolingana kwa mnunuzi zinaweza kuwa tofauti kabisa kwa mlima. Njia za pesa kufika mlimani ni tatu.

Ya kwanza ni pasi ya msimu ya mlima wenyewe. Pesa yote inaingia kwenye kituo hicho, nyingi yake majira ya kuchipua au kiangazi, wakati lifti zimesimama na mafundi wanapaswa kulipwa.

Ya pili ni mfuko wa pamoja kama wa Indy Pass. Mapato hukusanywa, mwendeshaji huchukua sehemu yake, na kinachobaki hugawanywa kwa kuzingatia ziara. Mlima uliokupokea ndio unaolipwa. Usipokwenda, haupati kitu kutoka kwako, hata kama jina lake ndilo lililokushawishi ununue.

Ya tatu ni kubadilishana. Katika miungano kama Freedom Pass na Powder Alliance, ukiwa na pasi ya msimu ya mlima wako unapewa siku chache, kwa kawaida tatu, kwa kila mlima mwenzake. Mlima wa nyumbani unabaki na pesa yako yote. Mwenyeji anakupokea bila malipo ya lifti, akitegemea supu utakayokunywa kantini na kwamba wateja wake nao watapokelewa kwenu. Ski Cooper, kituo kidogo karibu na Leadville, Colorado, ambacho asili yake ni mafunzo ya wanajeshi wa milimani mwaka 1942, kimejenga jina kwa njia hii: pasi yake moja inafungua milango ya milima mingine kadhaa.

Kuelewa kwa nini pesa ya mapema ni uhai, angalia theluji ya kutengenezwa. Milima ya mashariki haiwezi kutegemea mawingu peke yake. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Kuifunika kwa kina cha sentimita 30 kunahitaji mita za ujazo 1,214 za theluji, na kwa kuwa theluji ya mashine huwa karibu nusu maji, hapo pamekwenda kama lita 600,000 za maji. Ni maboza 60 ya lita 10,000 kila moja, kwa ekari moja, mara moja. Mlima mdogo unaotaka kufungua ekari 30 unasukuma lita milioni 18 kupanda mteremko, usiku wa baridi kali, kwa pampu zinazokula umeme au dizeli, kabla ya mteja wa kwanza kukanyaga. Mvua ya joto ikija Krismasi, kazi inaanza upya.

Ndiyo maana matengenezo huchukua miaka. Magic Mountain, kusini mwa Vermont, ilinunua lifti ya viti iliyotumika kutoka mlima jirani wa Stratton mwaka 2018. Vibali, msingi, nyaya na pesa viliivuta kazi hiyo hadi mwanzoni mwa 2024 ndipo lifti ikaanza kubeba watu.

Mfano wa Black Mountain, katika kijiji cha Jackson, New Hampshire, unaonyesha nguvu na mipaka ya mfuko wa pamoja. Ni kituo cha miaka ya 1930. Katika siku za mwanzo watelezaji walivutwa kupanda kwa kushika mipini ya sepeto iliyoning'inia kwenye waya. Oktoba 2023 wamiliki walitangaza kwamba hawatafungua tena, wakiwa wameelemewa na gharama. Uongozi wa Indy Pass ukaingilia kati, mlima ukafunguliwa msimu uleule, na mwaka uliofuata Mogensen akaununua kwa nia ya kuufanya ushirika wa wateja wake. Njia hiyo ina mtangulizi: Mad River Glen, Vermont, inamilikiwa na ushirika wa watelezaji wake tangu 1995. Mfuko wa pamoja ulisaidia kuokoa mlima mmoja. Hauwezi kuwa mbadala wa wateja wa nyumbani wanaolipa mapema mwaka baada ya mwaka.

Masharti ya kusoma kabla ya kulipa

Angalia siku zilizofungwa, mlima kwa mlima. Mlima mmoja unaweza kukataa pasi ya msingi Jumamosi zote za kilele huku mwingine ukiikubali karibu kila siku. Mtu ambaye Jumamosi ndiyo siku yake pekee ya mapumziko anaweza kukuta milima yake mitatu imebaki mmoja. Pasi isiyo na siku zilizofungwa ipo, kwa bei ya juu zaidi; irudishe kwenye hesabu ya kwanza uone kama bado inalipa.

Angalia kama mlima unadai uweke nafasi mapema. Angalia tarehe ya mauzo: bei ya chini huwa majira ya kuchipua, takribani miezi minane kabla ya kuteleza, na Indy Pass husitisha mauzo ikifikia kikomo chake. Angalia mpango wa kulipa kwa awamu na masharti ya kurudishiwa pesa ukiumia au ukihamishwa kazi. Na kama una pasi ya msimu ya mlima mwanachama, uliza nyongeza ya pasi ya vituo vingi kwa bei pungufu. Mara nyingi ndiyo ununuzi bora kuliko yote, kwa sababu mlima wako unabaki na pesa yake nawe unapata siku za ugenini.

Nani anunue nini

Utateleza siku nne au pungufu? Nunua tiketi za siku, mtandaoni na mapema, katika mlima wa karibu.

Utakwenda mara kumi au zaidi, na mara nyingi mlima uleule? Nunua pasi ya mlima huo. Dola 500 kwa siku 15 ni dola 33 kwa siku, na hakuna pasi ya vituo vingi inayoweza kuifikia bila safari ndefu. Kama inakuja na siku za kubadilishana au nyongeza, vizuri zaidi.

Una milima mitatu au zaidi ndani ya saa mbili, gari lenye watu watatu au wanne wa uhakika, na angalau siku sita ambazo hazikufungwa? Pasi ya vituo vingi ni yako. Inakukinga pia na hali ya hewa: mvua ikiharibu mlima mmoja, mwingine ulio juu zaidi au kaskazini zaidi huenda una theluji, faida ambayo mwenye pasi ya mlima mmoja hana.

Uko peke yako, na milima iko mbali? Tafuta wenzako kwanza. Kwenye msikiti, kanisani, kazini, kwenye kundi la wazazi wa darasa, watu watatu wenye ratiba kama yako wana thamani ya dola 378 kwa msimu. Mkipatana kabla ya mwezi wa nne, mtanunua kwa bei ya chini, mtajua ni milima ipi mnakwenda, na milima hiyo itakuwa na pesa zenu wakati inafunga mitambo ya theluji ya msimu ujao.